Majaribio ya Gizani

Jumatatu, 3 Juni. Anga safi, upepo mdogo kutoka ziwani.

Kuanzia leo nina madaftari mawili. La kazi lina kurasa zenye namba, na sheria zake Dokta Landry alitusomea mwenyewe: wino tu, hakuna kufuta, kosa likatwe kwa mstari mmoja, kila ukurasa usainiwe na aliyepima. Hili la pili ni langu na halisainiwi na mtu.

Kazi iko Carama, kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga, pale mji wa Bujumbura unapoishia na mashamba ya mihogo yanapoanzia. Tuko watatu. Dokta Landry ndiye mwenye mradi. Alisoma Ubelgiji miaka tisa, sasa anakaa Kigobe, mtaa wa wenye nazo. Nsimire, wa Bukavu, Kongo, ana mashine na kompyuta. Mimi nina diploma ya A2 ya maabara, ile ya sekondari ya ufundi: natia gesi, natoa sampuli, naandika.

Tunapima mbio za asidi moja ya jamii ya peroksi, iitwayo perasetiki. Inazaliwa hewani kutokana na moshi, na kiangazi cha hapa hakijawahi kukosa moshi. Swali ni moja tu: ikishakuwa hewani, inaliwa haraka kiasi gani? Kama ni haraka, inafia hapahapa juu ya Carama. Kama ni polepole, inavuka ziwa hadi milima ya Uvira na mbele zaidi, na watu wanaopiga hesabu za hewa duniani itabidi wapige upya.

Dokta amesema kazi ikitoka safi, jina langu litaingia kwenye makala, na mwenye jina kwenye makala ndiye atakayepewa nafasi ya kudumu ya fundi aliyestaafu. Nimetembea kutoka Carama hadi nyumbani Buyenzi bila kuisikia miguu.

Alhamisi, 6 Juni. Jua kali tangu saa mbili.

Jaribio la kwanza la juani. Mfuko ni wa teflon, mweupe kama maji, mkubwa kama chumba cha mtu mmoja. Tunaujaza hewa safi, tunatia asidi yetu, halafu gesi ya pili ambayo mbio zake zilishapimwa na wengine zamani. Mwisho tunatia mvuke ambao jua linauvunja na kuzaa haidroksili, kitu kidogo kinacholamba uchafu wote wa hewa. Dokta anakiita sabuni ya anga. Asidi na gesi zinaliwa pamoja, kama watu wawili wanaokimbia njia moja: ukijua mbio za mmoja, unampima wa pili kwake.

Kila dakika kumi natoa sampuli. Kwa saa moja asidi imepungua asilimia kumi na nane. Dokta alipiga makofi mara moja. Tasnifu yake ya Ubelgiji ilisema asidi hii ina mbio, na leo amekimbia nayo.

Jumamosi, 8 Juni. Travo, kazi ya jamii ya kila Jumamosi asubuhi, hadi saa nne. Mtaro wa barabara ya nane, matope meusi ya mafuta ya gereji.

Jumatatu, 10 Juni. Mawingu asubuhi, yakaondoka.

Leo giza. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Mfuko unajazwa vilevile, kisha unafunikwa kwa kitambaa kizito cheusi ili jua lisiingie. Bila jua hakuna haidroksili. Asidi ikipungua gizani, basi haikuliwa na hewa, imeganda kwenye ukuta wa mfuko. Kiasi hicho lazima kitolewe kwenye hesabu ya juani. Dokta alitufundisha hivyo siku ya kwanza: asiyepima giza amejipima mwenyewe.

Nilitegemea asilimia mbili au tatu. Imetoka kumi na saba.

Niliandika 17, nikasaini, nikakaa nikiitazama. Kumi na nane juani, kumi na saba gizani. Basi jua limekula moja tu. Basi asidi hii haina mbio yoyote.

Dokta alisema mfuko mchafu, uoshwe.

Jumatano, 12 Juni. Anga safi.

Tumeuosha mfuko mara mbili kwa maji yaliyochemshwa, tukaukausha kwa hewa ya chupa. Giza tena: kumi na sita.

Baadaye Dokta aliniita chini ya bati. Aliuliza kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari ya sukari.

“Samahani nikuulize, Sumaya. We unajitiaka udi?”

Nilisema ndiyo, nguo nazifukiza, kama wanawake wote wa kwetu.

“Basi njo shida iko pale. Ule moshi iko na mafuta. Unaingia nayo, inashika mu mufuko, asidi yetu inafia kwenye mafuta yako.”

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nsimire alikuwa amesimama karibu, akageukia mashine yake.

Jioni nimefua kila nguo niliyo nayo kwa sabuni isiyo na harufu. Kifukizo nimekitoa chumbani kwangu, nikampa mama.

Jumamosi, 15 Juni. Siku ya Arafa, nimefunga. Travo hadi saa nne na nusu na koo kavu. Mzee Shakuru, nyumbakumi wetu, alisema waliofunga wafagie tu, wasichimbe.

Jumapili, 16 Juni. Idi.

Mama alisimama mlangoni na kifukizo, mimi nikapita pembeni. Akaniuliza kama nimeokoka. Kaka Ilias, ambaye gereji yake iko hatua thelathini kutoka kwetu, alisema waniache, Sumaya sasa ni mzungu wa hewa, na kama ninataka moshi wa kupima niende kwake, anao wa kila rangi.

Nimeswali Idi bila harufu yoyote. Kesho nina ruhusa ya sikukuu, Jumanne ninarudi.

Jumanne, 18 Juni. Anga safi. Giza: kumi na saba.

Nimekuja na nguo zisizo na udi siku ya sita. Nywele nimeosha. Dokta alisema udi hukaa kwenye ngozi wiki nyingi. Nsimire hakusema kitu siku nzima, yeye ambaye hunyamaza tu akiwa amelala. Nadhani ana uvivu, na mashine yake haisafishi ipasavyo. Nimeandika hapa kwa sababu kwenye daftari la kazi siwezi.

Jumatatu, 24 Juni. Moshi wa kwanza wa mashamba, upande wa Kinama. Juani: kumi na tisa.

Ijumaa, 28 Juni.

Mafuta hakuna mjini. Magari yamelala kwenye foleni tangu jana na wenyewe ndani yake. Ilias anasema gari linaletwa likisukumwa, linatengenezwa, linaondoka likisukumwa. Jenereta yetu ina lita nane. Dokta amesema tupime siku tatu tu kwa wiki.

Jumamosi, 29 Juni. Travo. Mtaro uleule, matope yamerudi yote.

Jumatano, 3 Julai. Giza: kumi na sita. Nimevaa koti jipya la maabara, kofia, glavu mbili mbili.

Jumanne, 9 Julai. Ukungu wa moshi hadi saa tatu.

Dokta alikuja na mikate na chai ya tangawizi. Alikaa nasi kwenye ndoo zilizopinduliwa, akasema hajawahi kuona fundi anayeandika safi kama mimi, hata Ubelgiji. Alisema nisivunjike moyo kuhusu giza, hapo ndipo sayansi inapomtia mtu adabu. Nilimwambia nimeacha udi kabisa. Akasema, “Naona, Sumaya. Naona bidii yako.”

Nimerudi nyumbani nikimwombea dua.

Jumamosi, 13 Julai. Travo. Nimekatwa kidole na chupa mtaroni, si sana.

Jumatatu, 15 Julai. Giza: kumi na saba. Kidole nilikifunga plastiki tatu.

Jumamosi, 20 Julai. Travo.

Jumatano, 24 Julai. Giza: kumi na sita. Ninaanza kuiota namba hii.

Jumamosi, 27 Julai.

Asubuhi travo, alasiri harusi ya binti wa mjomba. Chumba cha wanawake kilijaa udi hadi hawaonani. Mimi nilikaa barazani na wanaume. Shangazi alitoka akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama nina ugonjwa wa kifua niseme, watu wanajua dawa. Nikasema ni kazi. Akaniuliza ni kazi gani inayomkataza mwanamke kunukia kwenye harusi ya ndugu yake. Nikamsaidia kubeba sahani.

Ijumaa, 2 Agosti. Giza la mwisho: kumi na sita. Jumla ni majaribio kumi ya gizani yenye sahihi yangu, pamoja na matatu niliyoyaruka humu, 20 Juni (16), 10 Julai (15) na 30 Julai (16): kati ya kumi na tano na kumi na saba yote.

Mafuta yamekwisha. Dokta anasafiri kwa mkutano, kituo kimefungwa hadi arudi.

Kuanzia 3 hadi 23 Agosti. Hakuna la kuandika. Moshi.

Jumatatu, 26 Agosti. Upepo, vumbi.

Dokta amerudi na uso wa mtu aliyelala vizuri. Alitukabidhi makala iliyochapwa, kurasa ishirini na mbili, kwa Kifaransa. Chini ya kichwa kuna majina: lake, la mwalimu wake wa Ubelgiji, langu, la Nsimire. Langu la tatu. Sumaya Massoudi. Nilipitisha kidole juu yake kama kipofu.

Niliomba nirudi nayo nyumbani, akakubali. Nilisoma nikitembea, na njiani watu walikuwa wakinipisha.

Kwenye hitimisho wameandika kwamba asidi ina mbio, sawasawa na tasnifu ya Dokta. Nikafurahi nusu na nusu nikasimama, kwa sababu kumi na nane ukitoa kumi na sita hazizai mbio. Nikatafuta jedwali la giza.

Majaribio ya gizani ni manne. Kupungua: 3, 4, 3, 4. Aliyepima: S.M.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikaketi kwenye ukuta wa msikiti wetu, nikatoa daftari hili, nikaweka tarehe pembeni ya tarehe. Yangu kumi hayamo, hata moja. Manne yaliyomo ni ya 15 Juni, 29 Juni, 13 Julai na 20 Julai, yote kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

Jumamosi nne. Saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi gari haliruhusiwi kutembea Bujumbura, duka halifunguliwi, na kila nyumba imetoa mtu na jembe. Saa hiyo nilikuwa kwenye mtaro wa barabara ya nane.

Nimeelewa alivyofanya. Alifungua daftari la kazi akatafuta siku zilizo tupu, akazijaza. Hakujiuliza kwa nini ziko tupu. Kule Kigobe anayekwenda travo ni zamu, mlinzi wa getini. Mwenye nyumba anamtuma, kisha anarudi kitandani. Miaka tisa Ubelgiji na miaka minne Kigobe, mtu anaweza kusahau kwamba Jumamosi ina asubuhi.

Lakini mtu anayejua kompyuta ile ni Nsimire. Kesho nitamwona.

Jumanne, 27 Agosti.

Nilimkuta peke yake akipangusa mashine. Sikumsalimia. Niliweka jedwali mbele yake na kumwambia kwamba nilijua tangu Juni kuwa ni mvivu, ila sikujua kuwa anaweza kuandika herufi za jina la mwenzake kwenye kazi ambayo hakuifanya.

Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alifungua kompyuta, akaniita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa, akanionyesha faili la jedwali: limeandikwa tarehe 11 Agosti, kwenye kompyuta ya Dokta, wakati kituo kimefungwa.

“Mi sikuandika, yaya. Nilitumiwa tu, akasema niweke pahali pake.”

“Ukaona tarehe?”

“Niliona.”

“Ukaona namba?”

Alikaa juu ya ndoo. Akasema kuna kitu kingine, kibaya kuliko hicho, na afadhali nimshitaki kwa vyote siku moja.

Tarehe 17 Juni, kesho yake ya Idi, nilipokuwa nyumbani na ruhusa, Dokta alimwambia apime giza yeye mwenyewe. Mfuko ulikuwa umeoshwa upya na mimi sikuwepo. Nsimire alitia asidi, akafunika, akatoa sampuli.

“Ikatoka kumi na sita,” alisema. “Kumi na sita, yaya. Na mi sijajitiaka udi tangu nizaliwe. Dokta akaangalia ile namba, akasema sawa. Karatasi akaichukua. Akaniambia apana kumwambia Sumaya, inamufanya akuwe mwangalifu.”

Niliuliza mara mbili ili nisikosee. Tarehe 17 Juni. Siku tano baada ya kuniambia kuhusu mafuta ya udi. Kuanzia siku hiyo alijua kwamba ni ukuta, ni plastiki yenyewe, wala si mimi. Na Julai aliponiletea mikate, nikamwambia nimeacha udi kabisa, alijua. Akasema naona bidii yako.

“Na wewe ukanitazama,” nilimwambia. “Wiki kumi. Ukaniona nikifunga kidole plastiki tatu.”

“Nilikuona.”

“Ungenong'ona tu, Nsimire. Njiani. Popote.”

Akasema mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na barua inayomwezesha kukaa nchini anaiandika Dokta. Akasema ana mama na wadogo wawili waliotoka Bukavu na mfuko mmoja wa nguo. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha.

“Sikuombi unisamehe. Unaweza kunitukana, nitasikia.”

Sikumtukana. Nilichukua mkoba wangu na kutoka. Njia nzima nilikuwa nikikumbuka shangazi alivyonishika mkono pale barazani. Nimekuwa mtu mwenye kinyaa na ngozi yangu mwenyewe kwa msimu mzima, na watu wawili walikuwa na jibu mfukoni.

Alhamisi, 29 Agosti. Joto, hakuna upepo.

Nimezungumza na Dokta ofisini kwake mjini. Nilikuwa nimeandika maswali manne kwenye karatasi nisije nikasahau. Nilimsalimu, akaagiza soda.

Kwanza nilimwuliza Jumamosi zile nne nilipima wapi. Aliitazama kalenda ya ukutani muda mrefu. Nilimwona anaelewa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akacheka kidogo, kama mtu aliyesahau miwani kichwani.

“Ah, travo. Merci. Tutaweka Jumanne.”

Hapo ndipo jambo lilipokatika ndani yangu. Mpaka dakika ile nilikuwa bado ninamtafutia udhuru.

Akaanza kunielimisha. Kwamba mfuko wetu umezeeka, ukuta wake unakula kuliko kawaida, na nilichopima mimi ni uzee wa mfuko. Kwamba mfuko mpya ungetoa tatu au nne, kila mtu duniani anajua. Kwa hiyo hakudanganya, ameandika kile ambacho kingetoka kama tungekuwa na vifaa vya watu. Nikamwambia kama mfuko unakula kumi na sita gizani, basi unakula kumi na sita juani pia, na jua lenyewe halikula kitu, labda mbili. Nikasema labda asidi hii kweli ni ya polepole, labda hilo ndilo jibu la kazi yetu.

“Unajua maana yake?” aliuliza. “Maana yake kazi yangu ya Ubelgiji ilikuwa ukuta. Miaka ine ya ukuta.”

Alilisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza nilimwamini. Nadhani alipoiona kumi na saba yangu ya kwanza alijua palepale. Pengine kule Ubelgiji hakufunika mfuko, au alifunika mara moja tu akaridhika. Nilimhurumia kwa muda wa kunywa funda moja la soda.

Kisha nikauliza swali la nne, la udi.

“Ile ilikuwa hypothèse, Sumaya, kukisia tu. Mutu wa sayansi anaanza na hypothèse.”

“Na tarehe kumi na saba Juni ilikufa, hypothèse yako.”

Hakuuliza nimejuaje. Alitazama mlango. Nikagundua nimemtaja Nsimire bila kutaja jina lake, na sikuweza kuyarudisha maneno.

Jumatatu, 2 Septemba.

Dokta alileta karatasi ya jarida: kila mwenye jina athibitishe kwa sahihi kwamba vipimo vyake ni vya kweli. Jedwali limebadilishwa. Sasa ni Jumanne nne. Akasema barua ya nafasi ya kudumu iko tayari mezani kwake, kilichobaki ni tarehe.

Nilimwambia siwezi kusaini, na kama jedwali halibadilishwi, jina langu liondolewe. Nilidhani hilo litamtisha. Nilidhani makala isiyo na aliyepima haisimami.

Nsimire alisaini. Alipomrudishia kalamu hakunitazama.

Alhamisi, 5 Septemba.

Jina langu limeondolewa. Imechukua siku tatu. Mahali palipoandikwa S.M. sasa pameandikwa L.N., Landry na Nsimire. Namba zimebaki zilezile: tatu, nne, tatu, nne. Dokta alinishukuru kwa kurahisisha mambo, akanipa mkono, akasema mkataba wangu uliisha mwezi uliopita na alisahau kunijulisha.

Nimetoka Carama saa tano. Daftari la kazi limebaki kwake. Lakini mimi ni mtu wa kuandika mara mbili. Namba zangu zote ziko hapa, na kila ukurasa niliousaini niliupiga picha jioni ileile, kwa kuogopa moto.

Jumapili, 8 Septemba.

Nilikwenda kwa Mzee Shakuru kuomba daftari lake la travo. Huandika kwa penseli kila nyumba na mtu aliyetoka, ili wasiotoka wasije kubishana. Aliuliza ninadaiwa faini na nani. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akalamba kidole, akafungua kurasa nne moja baada ya nyingine. Nyumba ya Massoudi: Sumaya. Nyumba ya Massoudi: Sumaya. Kwenye ya 13 Julai ameongeza: kidole.

“Piga picha,” alisema. “Lakini mwanangu, mutu aliyesoma anaweza kusema daftari ya muzee wa mutaro si kitu.”

Nikasema anaweza.

Jumatano, 11 Septemba. Mawingu upande wa Uvira, hayakuvuka.

Nimeandika kwa yule mwalimu wa Ubelgiji ambaye jina lake ni la pili. Kifaransa changu ni cha shule lakini namba hazina lafudhi. Nilitaja Jumamosi nne za rasimu ya kwanza na Jumanne zilizozifuata. Nikatuma picha za daftari la Mzee Shakuru na picha za kurasa zangu kumi.

Mama ameniuliza kama naweza sasa kuvaa nguo kama mtu. Nikasema bado.

Alhamisi, 19 Septemba. Mvua ya kwanza, dakika ishirini, ikanuka vumbi na moshi wa miezi mitatu.

Nsimire alikuja Buyenzi kwa miguu, amelowa. Alikataa kukaa. Aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne: nakala ya jaribio lake la 17 Juni. Kumbe aliandika mara mbili na yeye. Kumi na sita, sahihi yake, jina lake kamili.

“Fanya nayo unayotaka,” alisema. Nikamwuliza anajua ninachoweza kufanya nayo. Akasema anajua: barua yake ya kukaa nchini inaisha Desemba, na Dokta ndiye wa kuiandika upya. Aliondoka kabla chai haijachemka.

Nimeishika karatasi hiyo hadi Magharibi. Ndiyo pekee duniani inayosema kwamba ukuta ulikula bila mimi kuwepo.

Jumatatu, 23 Septemba. Mvua usiku, asubuhi safi sana. Milima ya ng'ambo inaonekana hadi njia za miguu.

Ubelgiji wamejibu. Barua fupi, ya adabu. Wanashukuru. Wanasema jambo ni zito na wamesimamisha makala kwa muda. Wanasema Dokta Landry amewaeleza kwamba palikuwa na mfanyakazi wa muda aliyechafua majaribio kumi kwa manukato, ndiyo maana hayakutumika. Wanasema hawaoni jina langu kati ya wahusika. Wanaomba niwaeleze mambo mawili: mimi ni nani katika kazi hii, na kama nina ushahidi kwamba uchafu haukutoka kwangu.

Nimejibu kabla ya adhuhuri:

“Jina langu ni Sumaya Massoudi. Nilikuwa fundi wa vipimo Carama tangu tarehe 3 Juni. Majaribio ya gizani mliyoyaona kwenye jedwali hayakufanywa na mtu yeyote. Yaliyofanywa ni kumi, niliyafanya mimi, na namba zake ni hizo nilizowatumia. Jazeni mfuko wenu huko, ufunikeni, mhesabu wenyewe.”

Kuhusu swali la pili nimeandika kwamba ushahidi sina.

Sijamsamehe Nsimire. Akija tena sijui kama nitamfungulia. Karatasi yake nimeikunja kama alivyoikunja, na ninamrudishia leo kwa miguu.